Mlinzi wa Wanyama, Mtengwa wa Kijiji

*Askari wa wanyamapori wa vijiji vya Ruvuma hulinda mali ya wote, na aghalabu malipo yao ni kutengwa na wote. Makala haya yanatafuta chanzo cha uadui huo.*

SONGEA. Katika vijiji vilivyo kaskazini na mashariki ya mji huu, huko ambako mashamba ya mahindi hukoma na miombo ikaanza, yuko mtu ambaye akitoka porini alasiri, na begani amebeba furushi la nyaya alizozitegua katika mapito ya palahala na nguruwe, hapiti njia kuu ya kijiji bali huzunguka nyuma ya nyumba, kwa kuwa anajua kwamba waya mmoja katika furushi lile huenda ni wa mjomba wake, wa pili ni wa kijana aliyecheza naye utotoni, na wa tatu ni wa jirani aliyemsaidia kuezeka msimu uliopita.

Huyo ndiye askari wa wanyamapori wa kijiji. Hana mshahara wa serikali. Hupata posho pale inapopatikana, na isipopatikana husubiri. Aliteuliwa na kijiji chake mwenyewe, pengine akapelekwa kusoma katika chuo cha uhifadhi wa jamii cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, na aliporudi na cheti mkononi alikuta kwamba amepata elimu na kupoteza sahibu.

Akiingia kilabuni, masimulizi ya porini hukatizwa na watu huanza kuulizana juu ya mvua na bei ya mbolea. Mkewe husemwa kwenye mashine ya kusaga. Mwanawe huambiwa shuleni kwamba baba yake ni msaliti. Mwindaji aliyefungwa hutoka gerezani akapokewa kwa vigelegele, na aliyemkamata hubaki na kifungo kisichotajwa hukumu wala muda.

Ni jambo la kustaajabisha. Tembo, pofu, palahala na mbwa mwitu wa ushoroba wa Selous na Niassa, unaounganisha pori kubwa la Tanzania na hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, husemwa kila siku kuwa ni amana ya taifa na fahari ya Ruvuma. Mkazi wa mjini huwachukua watoto wake kwenye bustani ya wanyama ya Ruhila wakatazame na kufurahi. Walakini mtu anayelala kwenye umande ili amana hiyo isiibwe ndiye anayekosa wa kumkaribisha kwenye jamvi.

Wako wanaosema kwamba askari hawa huchukiwa kwa sababu ya ukali wao, au kwa tamaa ya baadhi yao wanaochukua rushwa, na yote mawili yamo, wala si haki kuyaficha. Lakini mwandishi wa makala haya anaona kwamba askari huyu amerithi chuki ambayo hakuipanda, na kwamba anaadhibiwa kwa ajili ya historia ya sheria anayoibeba.

Sheria iliyofuatana na kitanzi

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kuzuia uwindaji katika koloni la Afrika Mashariki, akataka mwindaji awe na kibali, na akatenga mapori ambayo kuwinda ndani yake kulikuwa haramu, mojawapo likiwa lile la Rufiji ambalo ndilo asili ya Selous. Kwa Mngoni na Mndendeule, ambao mnyama wa porini kwao alikuwa kitoweo, ngozi yake ngao na vazi, na uwindaji wenyewe madrasa ya vijana, amri hiyo haikuwa na tafsiri nyingine ila kwamba mgeni amekuja akatia kufuli ghala la wenyeji.

Miaka 9 baadaye vita vya Majimaji vilizuka. Sababu zake zilikuwa nyingi, kodi na kazi ya shuruti ya mashamba ya pamba zikiwa mbele, wala hapana mtu mwenye akili atakayedai kwamba watu waliikabili mizinga kwa ajili ya swala na paa. Hata hivyo, makatazo ya uwindaji yalikuwamo katika manung'uniko ya wakati ule, na msitu uliofungwa ulikuwa dalili mojawapo ya nchi iliyotwaliwa.

Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wa Majimaji walinyongwa hapa Songea, na kila mwaka siku hiyo huadhimishwa Mahenge, hapa hapa mjini, yalipo makumbusho yao. Baada ya kamba ulifuata moto: mashamba na maghala yaliteketezwa makusudi, njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki, na nchi iliyokuwa imelimwa ikageuka kuwa pori. Mbung'o wakalifuata pori, malale yakawafuata mbung'o, na ndovu wakatamalaki palipokuwa na milango ya watu.

Mgeni anayeitazama miombo ya kusini leo husema kwamba ni maumbile yaliyokuwapo tangu azali. Sehemu kubwa ya maumbile hayo ni mahame. Mzee wa Songea anapoambiwa asikanyage mahali fulani kwa kuwa ni makazi ya wanyama, hujua, kwa habari alizopokea kwa babu yake, kwamba wanyama hao ni wapangaji waliokuja baadaye.

> Sehemu kubwa ya pori la kusini ni mahame, na wanyama wake ni wapangaji waliokuja baadaye.

Majangili waliovaa sare

Waingereza walipoitwaa nchi waliyaunganisha mapori ya Wajerumani, na mwaka 1922 wakayapa jina la Frederick Selous, mwindaji na askari wao aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Ni kinaya cha aina yake kwamba hifadhi iliyokuja kuwa miongoni mwa kubwa kabisa za Afrika iliitwa kwa jina la mtu aliyejipatia sifa kwa kuua ndovu.

Kinaya hicho hakikuishia kwenye jina. Aliyeipanua hifadhi hiyo kwa kiasi kikubwa alikuwa C. J. P. Ionides, Mwingereza wa nasaba ya Kiyunani, aliyezaliwa mwaka 1901, akawa ofisa wa jeshi, kisha jangili wa pembe za ndovu, na hatimaye mwaka 1933 akaajiriwa na Idara ya Wanyama ya Tanganyika. Makao yake yalikuwa Liwale. Hakuoa, alivaa nguo zilizochakaa, alikamata nyoka wenye sumu kwa maelfu, hata akaitwa Bwana Nyoka. Wazungu wenzake walimwona mtu wa ajabu asiyefaa kualikwa chakula cha jioni, na wenyeji walimheshimu kwa heshima iliyochanganyika na hofu. Alipofariki mwaka 1968 alipumzishwa katika mlima Nandanga, ndani ya pori lile lile alilolipenda kuliko watu.

Wala hakuwa peke yake. George Rushby, ambaye mwaka 1946 na 1947 alipambana na simba wala watu wa Njombe, jirani zetu wa magharibi, naye aliwinda ndovu kwa magendo kabla ya kupewa sare. Serikali za wakati ule zilikuwa na werevu huo: aliyezijua njia za mwizi ndiye aliyepewa ufunguo. Na hata leo, katika vijiji vya Ruvuma, baadhi ya askari hodari ni watu waliowahi kubeba gobore usiku.

Lakini hapa pana tofauti ambayo haifai kupitwa mbio. Ionides aliuchagua utengwa wake, akaufanya kuwa pambo. Nyuma yake kulikuwa na mshahara, bunduki nzuri na dola nzima. Tena sehemu ya mafanikio yake ilijengwa juu ya kuhamishwa kwa watu wa Liwale katika miaka ya 1940, kwa hoja ya kuzuia malale, hoja ambayo ilikuwa na ukweli ndani yake na ilimfaa pia mtu aliyetaka ndovu wapate nafasi. Askari wa kijiji cha leo hakuchagua kutengwa, hana dola karibu naye usiku, na wale aliowakamata mchana ndio wale atakaokutana nao kisimani asubuhi.

Mwanamke wa Virunga

Mfano mashuhuri zaidi wa mtengwa aliyewalinda wanyama wa milimani haukutoka kusini mwa Tanzania bali katika milima ya Virunga, inapokutana mipaka ya Kongo, Rwanda na Uganda. Dian Fossey, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kazi upande wa Kongo mapema mwaka 1967, akaondoshwa na vurugu za vita, na Septemba mwaka huo huo akaanzisha kambi ya Karisoke upande wa Rwanda, akaishi baridini miongoni mwa gorila wa milimani kwa muda wa karibu miaka 18.

Kwanza alikuwa mtafiti. Mwishoni mwa mwaka 1977 wawindaji walipomuua Digit, gorila dume aliyemzoea tangu udogo wake, na kumkata kichwa na mikono, utafiti uligeuka kuwa vita. Fossey alitegua mitego kwa mamia, akawalipa watu wa doria kwa fedha alizochangisha, akajivika vinyago ili aogopwe kama mchawi, akakamata mifugo ya jirani, na kuwatendea waliokamatwa mambo ambayo mahakama yoyote ya insafu ingeyaita adhabu bila hukumu. Wengi wa wawindaji hao walikuwa Batwa, watu ambao msitu ulikuwa makazi yao kabla haujawa hifadhi ya mtu yeyote.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya nyumba yake. Alizikwa Karisoke, kando ya Digit.

Kumsifu bila kiasi ni makosa, na kumshutumu bila kiasi ni makosa pia. Bila yeye huenda ulimwengu ungejua habari za gorila hao baada ya kwisha kwao. Lakini hesabu ya mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuta gorila wa Virunga wapatao 250 tu, na leo gorila wa milimani, pamoja na wale wa Bwindi, Uganda, wamepita 1,000. Ongezeko hilo halikuletwa na vinyago. Limeletwa na doria za kila siku, na matabibu wa wanyama, na utalii ambao yeye mwenyewe aliuchukia, na uamuzi wa kuwashirikisha jirani, ambao kwao Rwanda tangu mwaka 2017 hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake.

> Fossey aliwapenda gorila akawachukia jirani zao. Gorila waliongezeka jirani walipoanza kupata fungu.

Mahindi ya mkulima, tembo wa serikali

Turudi Songea. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi hii mahindi, na mkulima wake ana hoja ambayo hakuna hotuba ya uhifadhi inayoweza kuizima. Ndovu huingia shambani usiku mmoja na kumaliza jasho la miezi sita. Nguruwe na nyani hufanya vivyo hivyo kwa makundi madogo, bila kuandikwa gazetini. Mwenye shamba akipiga kelele huambiwa asubiri ofisa. Akitega waya huitwa jangili. Na akikutwa na nyara za serikali, hata kipande cha nyama kavu, anaweza kuhukumiwa kifungo cha miaka 20.

Zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi. Kwa viwango vilivyowekwa wakati huo, familia ya mtu aliyeuawa na mnyama mkali ilipewa shilingi 1,000,000, na mazao yaliyoharibiwa yalilipwa kwa ekari, kiasi kisichozidi shilingi 100,000. Aliyelima ekari moja ya mahindi kwa mbolea ya kununua anajua kwamba fedha hiyo, hata ilipofika kwa wakati, ilikuwa pole tu.

Upande wa pili una hoja nzito vilevile. Sensa ya mwaka 1976 ilihesabu tembo wapatao 109,000 katika Selous na maeneo yanayoizunguka. Ya mwaka 2013 ilikuta wapatao 13,000. Wanyama hawa hawakumalizwa na mkulima mwenye waya wa kunasia nguruwe. Walimalizwa na biashara ya pembe yenye fedha, silaha za kivita, magari na marafiki ofisini, nayo ilimtumia mwanakijiji kama mpagazi na mwonyesha njia, ikamlipa kidogo na kumwachia gereza. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika Selous katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Na bado kuna jambo ambalo wanakijiji wa Namtumbo hawalisahau. Mwaka 2012 mipaka ya urithi huo huo ilirekebishwa ili kuitoa sehemu ya mto Mkuju yenye madini ya urani. Yamkini uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake kwa taifa. Lakini ni vigumu kumwambia mtu kwamba pori ni takatifu kwa mtego wake wa waya na si takatifu kwa mtambo wa kuchimba, tena atarajiwe kuitika kwa taadhima. Kadhalika humwambii kwa wepesi kwamba mgeni mwenye leseni na bunduki ya darubini ni mtalii, ilhali yeye mwenye gobore la babu yake ni mhalifu.

Kivuli cha Tokomeza

Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza, ikiwashirikisha askari wa vyombo mbalimbali kuwasaka majangili nchi nzima. Haukupita mwezi mzima ikasitishwa, baada ya malalamiko ya watu kupigwa, kuteswa na wengine kufa, mifugo kuuawa na nyumba kuchomwa. Kamati ya Bunge ilichunguza, na mwezi wa Desemba mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao kwa dhima ya kisiasa, mmoja wao akiwa Emmanuel Nchimbi, waziri wa mambo ya ndani na mbunge wa Songea Mjini.

Mawaziri waliondoka, na wanajeshi walirudi kambini. Askari wa kijiji alibaki. Hata pale ambapo hakumgusa mtu, sare yake ilikuwa imechafuliwa na mikono asiyoijua, na aliyekuwa akiitwa mtu wa serikali kwa dhihaka sasa aliitwa hivyo kwa wahka.

Hatari nayo haikuwa ya kutengwa pekee. Tarehe 16 Agosti 2017 Wayne Lotter, raia wa Afrika Kusini na mmoja wa waasisi wa taasisi ya PAMS, iliyofanya kazi na askari wa vijiji vya Ruvuma kwa miaka mingi, alipigwa risasi na kuuawa Dar es Salaam. Ikiwa mtu mwenye jina la kimataifa aliweza kufikiwa katikati ya jiji, msomaji na apime mwenyewe usalama wa yule anayelala katika nyumba ya udongo pembezoni mwa pori, ambaye kila mtu anaujua mlango wake.

Palipopatikana nafuu

Si yote yaliyo giza. Mradi wa Tembo wa Ruvuma, ulioanzishwa na PAMS mwaka 2011, uliwapa askari wa vijiji mafunzo na doria za pamoja na maofisa wa serikali, na ukawaonyesha wakulima uzio wa kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili na oili chafu, ambao harufu yake ndovu huichukia. Uzio huo hauna uzuri wa kupigwa picha. Walakini siku askari alipoanza kuonekana shambani mwa jirani akifunga kamba ya pilipili, badala ya kuonekana porini tu akifungua kitanzi cha jirani huyo, hadhi yake ilianza kubadilika, kwa sababu watu walimwona kwa mara ya kwanza akiwalinda wao.

Mkoa huu una jumuiya tano za hifadhi ya wanyamapori: Mbarang'andu, Kimbanda na Kisungule katika Namtumbo, Nalika na Chingoli katika Tunduru. Shabaha yake ni njema, kwamba kijiji kitenge ardhi yake, kiisimamie, na kipate mapato yake. Lakini mapato hayo kwa sehemu kubwa yalitegemewa kutoka kwa uwindaji wa kitalii, na uwindaji huo huyumba kwa maamuzi ya mbali. Mwaka 2014, Marekani iliposimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania, uamuzi uliandikwa Washington na upungufu ukawa tishio kwa kijiji cha Tunduru. Aidha fedha za jumuiya hupitia mikono mingi, na mwanakijiji asiyeziona huamini kwamba zimeliwa, hata pale ambapo hazijaliwa.

Mwaka 2020 serikali ilifungua mlango wa mabucha ya nyamapori ya halali, na huo ulikuwa uamuzi wa hekima, kwa kuwa uliukiri ukweli ambao sheria ya tangu 1896 iliukana: kwamba watu wa nchi hii hula nyama ya porini na wataendelea kuila. Bucha la mjini, hata hivyo, halimfai aliye kijijini asiye na fedha ya kununua.

Haki ya askari huyu haiwezi kupatikana kwa kumwongezea bunduki. Itapatikana siku kijiji kitakapoiona sheria anayoibeba kuwa ni ya kijiji, na siku hiyo hailetwi na semina wala mabango ya barabarani.

Halmashauri za Songea, Namtumbo na Tunduru hukaa kila mwaka kupanga bajeti. Madiwani na waweke humo fungu la posho ya askari wa vijiji lisiloguswa kwa shughuli nyingine, na fungu la pilipili na kamba kwa mashamba yaliyo mpakani. Wizara ya Maliasili na ilipe kifuta jasho kabla ya msimu mwingine wa kupanda. Na viongozi wa jumuiya tano na wasimame katika mkutano mkuu wa kila kijiji, mara mbili kwa mwaka, wasome kwa sauti shilingi iliyoingia na shilingi iliyotoka, askari wa kijiji akiwa amekaa mbele, kwa jina lake na kwa idadi ya mitego aliyoitegua.